Shimo la Tatu Kutoka Kwenye Mutuba

Kuna shimo shambani kwetu lililokula miche minne ya kahawa kabla sijapata akili. Ukitoka nyumbani ukashika njia ya kisimani, unauacha mkono wa kushoto mutuba mkubwa, mti ule ambao babu alikuwa akiubambua gome la kutengenezea vazi, kisha unahesabu. La tatu ndilo hilo. Baba alipanda hapo mara mbili, nami nikapanda mara mbili. Mche ukikauka tunang'oa, tunatikisa udongo, tunatia debe la samadi, tunapanda mwingine. Hakuna aliyeuliza kwa nini tunarudi pale pale. Jibu lenyewe lilikuwa uvivu tu: shimo limekwisha chimbwa, na kwenda chini futi mbili kwenye changarawe yetu si mchezo.

Sisi ni watu wa Kyotera, Uganda, upande wa kuelekea Mutukula, mpakani na Tanzania. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu ya mambo haya nilifundishwa kwa Kiswahili na shemeji yangu, Mhaya wa ng'ambo ya mpaka, na kwa sababu nilikuwa dereva wa lori jeshini miaka zaidi ya ishirini, na kambini Kiluganda chako unakiacha getini. Wakinicheka Waswahili wa pwani, sawa. Kahawa yenyewe haijawahi kunisahihisha sarufi.

Baba alipanda kahawa aina ya Robusta, ya asili, ile tunayoiita nganda, yenye mashina mengi yanayoinama na kutambaa chini ya migomba. Aliipanda miaka ya 1960 na ndiyo iliyotulipia karo wote saba. Nilipokuwa mbali, mwaka 1998, barua yake ilinifikia: mibuni inakauka, alisema, kama iliyomwagiwa maji ya moto usiku. Nilidhani mzee anatafuta hela kwa lugha ya kiutu uzima. Nilipokuja likizo nikaona mwenyewe. Mti una matunda mekundu kibao, majani yamedondoka yote, na matunda hayaanguki. Yanabaki pale matawini yamekauka, meusi.

Ugonjwa huo ulionekana Uganda mara ya kwanza mwaka 1993, kule Bundibugyo chini ya Ruwenzori. Ndani ya miaka kumi ulikuwa umeshazunguka karibu wilaya zote za Robusta, na karibu nusu ya mibuni ya Robusta ya nchi nzima ikafa. Baba alifariki dunia mwaka 2009 akiwa na mibuni isiyofika sitini, na huo mmoja wa karibu na jiko la mama ambao nitaurudia, maana ndio ulionidanganya kuliko yote.

Mimi nilistaafu mwaka 2012. Nilirudi na kiinua mgongo changu na imani ya kijeshi kwamba tatizo la shamba lile lilikuwa nidhamu. Mvua za Machi 2013 nilipanda miche 450, ndiyo inayotosha ekari moja ukiacha futi kumi kila upande. Niliinunua kitalu cha kando ya barabara, mwuzaji akaniapia kwamba ni mbegu bora. Sikumuuliza bora kwa nini. Mashimo nilitumia yale yale ya baba, nikaokoa hela ya vibarua, nikajiona mjanja.

Mbuni ni mnafiki. Ungekufa mwaka wa kwanza ningeshtuka mapema. Lakini ile ilistawi 2013, ikastawi 2014, mwaka 2015 ikatoa maua ya kwanza, shamba zima linanukia kama harusi, na ndipo ikaanza. Tawi moja la upande linageuka njano. Wiki mbili, tatu, upande ule wote umenyauka, upande wa pili bado kijani kabisa, mti kama mtu aliyepooza nusu. Halafu nusu ya pili inafuata. Katika mashimo 450, kufikia mwisho wa 2016 nilikuwa nimepoteza 170 na ushei.

Na mikono yangu ilikuwa imesaidia. Nilimlipa kijana afyeke magugu kwa slasha, na slasha haina macho: kila inapopita karibu na shina inaacha kovu, na kovu ndilo mlango. Tena miti iliyokufa niliikokota mzima mzima kupitia katikati ya shamba hadi jikoni kwa mama, kwa sababu kuni ya kahawa inawaka vizuri. Nadhani katika mambo yote niliyofanya, hilo la kuni ndilo lililoua zaidi. Mti ukifa unatakiwa kuchomwa hapo hapo ulipong'olewa. Mimi nilikuwa nautembeza kama bibi harusi.

Shemeji alikuja mwaka ule wa 2016 kwa msiba wa shangazi yangu. Siku ya pili baada ya maziko, wanaume tumekaa chini ya mwembe, mama akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Hiyo ni mila ya kwetu na ya kwao pia, na mpaka uliowekwa na wazungu haukuigusa. Shemeji akatia punje mdomoni, akatafuna taratibu, akasema, "Shemeji, nimepita shambani kwako asubuhi. Pole."

Nikasema asante, shangazi alikuwa mtu mzima.

"Sisemi shangazi."

Tulienda naye. Akachutama kwenye mti mmoja uliokuwa umenyauka nusu, akatoa kisu, akabandua gome pale shina linapokutana na udongo. Ndani, kwenye mti wenyewe, kulikuwa na michirizi ya rangi ya wino, bluu inayokaribia weusi. Kwenye mti mwingine uliokwisha kufa kabisa akanionyesha vidoadoa vyeusi juu ya gome, vidogo kama punje za baruti. Akaniambia kwao Kagera wanauita mnyauko fuzari, na kwamba ni kuvu. Kinaingia kwa mizizi au kwa jeraha la chini ya shina, kinapanda na njia za maji mpaka kinaziziba. Mti unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye udongo uliolowa. Dawa ya kunyunyiza haipo. Na kile kilichobaki ardhini kinasubiri.

"Wewe unabadilisha askari tu," akaniambia. "Unapeleka kuruta mpya kwenye handaki lile lile alilofia mwenzake, halafu unashangaa."

Nilikasirika kidogo, kwa sababu mfano ulikuwa wa kazi yangu na ulikuwa sahihi.

Shemeji aliwahi kufundishwa kazi ya kitalu Maruku, karibu na Bukoba, ambako Watanzania wana kituo chao cha utafiti wa kahawa. Neno alilotumia ni kubebesha. Kwetu wengine husema kuunganisha, lakini mimi nalipenda la kwake. Unachukua mche wenye mizizi unayoiamini, unaukata kichwa, unaubebesha kipande cha mti mwingine ambao matunda yake ndiyo unayoyataka. Wa chini ni mama, wa juu ni mtoto wa mgongoni. Mtoto hakanyagi chini, kwa hiyo miiba ya njiani haimhusu.

Alinifundisha jioni moja, juu ya meza ya kulia chakula, kwa wembe mpya na kavera, yaani mfuko wa plastiki, iliyochanwa utepe utepe. Mche wa chini uwe na unene wa penseli, umri wa miezi sita hadi minane hivi. Unaukata juu ya jozi moja ya majani, unaupasua katikati kwenda chini kama sentimeta 3. Kile kipande cha juu, yeye alikiita kikonyo, unakichonga pande mbili kiwe kabari. Ukikosea mchongo mara ya kwanza usirudie rudie, maana kila ukikata unazidi kukiumiza. Tupa, chukua kingine. Kabari inaingia kwenye mpasuko, na gome la huyu likutane na gome la yule, angalau upande mmoja, kwa sababu uhai unapita pale chini ya gome. Unafunga kavera kwa kukaza, majani ya kikonyo unayapunguza nusu, unafunika mche mzima kwa mfuko mweupe usioruhusu hewa kavu, unaweka kivulini. Wembe unaufuta kwa jiki kila unapohama mti. Baada ya wiki nne hadi sita, kijani kipya kikianza kuchungulia, unafungua mfuko kidogo kidogo, leo ncha, kesho nusu. Ukifungua ghafla kinanyauka mchana mmoja na kazi ya mwezi imekwenda.

Mkono wangu haukuwa na shida. Mtu aliyezoea kufungua kabureta ya lori gizani hawezi kushindwa na kabari ya mbuni. Katika 60 za kwanza, mwaka 2017, 47 zilishika. Nilimpigia shemeji simu nikitamba.

Sasa sikia kilichotokea. Ile 47 niliipanda, ikaota, na ikalala. Sisemi iliinama kama nganda, hapana. Ilitambaa chini kwa mlalo, kila mmoja upande wake, kama watu walioangusha shilingi na wanaitafuta. Miezi tisa, mwaka, hakuna hata mmoja uliofika magotini. Niliifunga kwenye fito, nikaielekeza juu kwa nguvu. Ukiachia, inarudi kulala. Jirani yangu aliniuliza kama nimeanza kulima viazi vitamu.

Nilimtumia shemeji picha. Alicheka hadi simu ikakatika. Kisha akapiga tena, akauliza, "Vikonyo ulivikata wapi?" Nikamwambia, kwenye matawi yaliyozaa vizuri, wapi kwingine? Nilifanya kama mtu anavyochagua mbegu ya mahindi, nikaenda kwenye tawi lenye matunda mengi.

Hilo hakunifundisha siku ile kwa sababu kwake lilikuwa wazi mno. Mbuni una machipukizi ya aina mbili na hayabadilishani kazi. Kuna linalokwenda juu, ndilo shina au otea, na kuna la ubavuni, ndilo linalozaa. Ukikata la ubavuni ukalibebesha, litaendelea kuwa la ubavuni maisha yake yote hata ukilipa mizizi mipya. Halikumbuki kwamba umelihamisha, lenyewe linakumbuka lilikuwa tawi. Vikonyo vinatakiwa vitoke kwenye maotea yaliyosimama wima. Na ukitaka maotea mengi, unauinamisha mti mama mpaka karibu ya chini, unaufunga hapo, nao unatoa machipukizi wima mgongoni mwote, kama nywele za mtu aliyeogopa. Baba alikuwa akiinamisha mibuni yake kila mara. Nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu utotoni bila kujua linafanyia kazi gani.

Nikang'oa zile 47. Hilo halikuniuma sana. La pili ndilo lililoniuma.

Nimesema kuna mbuni mmoja wa karibu na jiko la mama. Ulikuwa nganda wa baba, punje zake kubwa na nzito, na tangu 1998 wenzake wengi walipokufa wenyewe ulibaki. Ugonjwa ulipita kushoto na kulia. Kila aliyekuja alisema huo ndio mbegu. Nami nikasema huo ndio mbegu, nani angesema vingine? Nikachuma matunda yake mekundu, nikasia, nikapata miche ya kuwa mizizi. Kisha nikabebesha juu yake vikonyo vya wima kutoka mti huo huo wa jikoni na kutoka kwa mti mmoja wa jirani unaozaa sana. Nilifikiri nimejenga ngome. Mwaka 2019, mvua za Septemba, nilipanda 90, mingi kwenye mashimo ya zamani, na mmoja, kwa makusudi kabisa, kwenye shimo la tatu kutoka kwenye mutuba.

Mwaka 2020 ukaja na korona. Mpaka wa Mutukula ukafungwa kwa watu, yakapita malori ya mizigo tu. Shemeji akawa sauti ya WhatsApp. Na katikati ya kufungiwa huko mibuni ikaanza tena. Kufikia katikati ya 2021, 41 kati ya 90 ilikuwa imekufa au inakufa, na nilipobandua gome chini ya kiungo, pale kikonyo kinapokutana na mche wa chini, ile michirizi ya wino ilikuwepo. Imeanzia chini, kwenye mizizi niliyoiamini. Shimo la tatu lilikuwa miongoni mwa ya kwanza.

Aliyenifungua macho ni bwana shamba wetu, ambaye ni binti wa miaka ishirini na kitu. Mama humwita bibi shamba naye hakatai. Alipoufikia mti wa jikoni aliuzunguka mara mbili. Akauliza, "Mzee, hapa huwa mnafyeka kwa slasha?" Hapana, hapo mama hufagia kwa mkono. "Mnalima kwa jembe?" Hapana. "Kuna mbuni mwingine karibu?" Hakuna, huo umesimama peke yake, hatua arobaini kutoka shambani. Na jivu la jikoni linamwagwa hapo, na nje yake kuna uzio wa ndizi.

"Basi huenda huu mti hauna ukinzani wowote," akasema. "Huenda haujawahi kupigana."

Wenzangu wa kambini watanielewa. Askari anarudi kutoka mstari wa mbele bila hata mkwaruzo, watu wanamshangilia, kumbe alikuwa mpishi. Au dereva, sitajificha. Kunusurika na kuwa na nguvu nilivichukua kuwa kitu kimoja, na kwa sababu hiyo nikapoteza miaka minne.

Akaniongezea la pili. Ua la Robusta halijizalishi kwa chavua ya mti wake wenyewe, ni lazima ipatikane ya mti mwingine. Kwa hiyo hata kama mti mama ungekuwa na ukinzani, mbegu nilizochuma zilikuwa watoto wenye baba nisiyemjua, na kila mche ulikuwa na damu yake tofauti. Nimepanda miche 90 ya ukoo mmoja, nilidhani. Kumbe nilipanda miche 90 ya koo 90.

Ukitaka mzizi uliothibitishwa, alisema, kuna aina za KR, yaani Kituza Robusta. Wataalamu wa Kituza kule Mukono walikusanya miti iliyobaki hai kwenye mashamba yaliyokufa, na hapa ndipo tofauti yao na mimi ilipo: hawakuishia kuishangaa. Waliipeleka kwenye kuvu chenyewe, wakaiambukiza kwa makusudi, wakaona ipi inaanguka na ipi inasimama. Iliyosimama huzalishwa kwa vipandikizi, kwa mbegu haifai, ili mtoto awe yule yule mama.

Nikamuuliza swali ambalo msomaji yeyote mwenye akili analo sasa hivi: kama KR ina ukinzani, kubebesha kuna kazi gani? Si nipande KR yenyewe?

Akasema, "Panda KR yenyewe." Hakuzunguka. Kwa mkulima wa kawaida, hilo ndilo jibu, na nusu ekari yangu ya chini niliipanda KR tupu bila kubebesha chochote, baada ya kuipumzisha miaka 2 kwa maharage na mahindi. Miaka 2 bila kahawa ni mirefu, mke wangu ananikumbusha hadi leo ni nani aliyelipa karo muhula ule. Ni yeye, na duka lake la nguo Mutukula.

Lakini nilitaka punje za baba. Hiyo si sababu ya kilimo, najua. Bibi shamba akaniambia nijaribu michache, na kwamba yeye hawaambii wakulima wengine wafanye hivyo. Akanieleza vile vile kwamba wazo lenyewe si geni. Huko Guatemala tangu miaka ya 1960 wamekuwa wakibebesha Arabika, ile kahawa ya aina nyingine, juu ya mizizi ya Robusta, kwa sababu minyoo ya ardhini hula mizizi ya Arabika kwenye mashamba yaliyolimwa kahawa vizazi na vizazi, na Robusta inaivumilia zaidi. Kenya nao walipopata aina yao mpya ya kahawa, Ruiru 11, mwaka 1985, waliwafundisha wakulima kuibebesha juu ya visiki vya mibuni ya zamani ili wasianze kuchimba upya. Mimi lililonigusa ni la Guatemala. Robusta ni mti wa kwetu, katika msitu wa Kibale unaota wenyewe bila mtu kuupanda. Wenzetu ng'ambo ya bahari wanaazima mzizi wetu, na sisi hapa tunaupanda kwenye shimo la maiti.

Awamu ya tatu nilibebesha 40 tu. Chini KR, juu vikonyo vya wima vya mti wa jikoni. Zilishika 33. Nilizipanda mvua za Machi 2022, na safari hii nilijifunza mambo ambayo hakuna aliyenionya.

La kwanza ni maotea ya chini. Mzizi wa KR hautaki kubeba mtoto wa mtu, unataka kuzaa wake. Kila wiki mbili unatoa chipukizi chini ya kiungo, na lina nguvu kuliko cha juu. Usipolitoa kwa kidole likiwa changa, baada ya miezi sita una mbuni mzuri sana wa KR na kikonyo cha baba kimekauka ubavuni kimya kimya. Miti mitatu ilinifanyia hivyo nilipougua malaria nikalala wiki mbili na ushei, na nusura nisitambue.

La pili ni kiungo. Kijana wangu wa kazi, kwa moyo mzuri kabisa, alipalilia akakusanya udongo kwenye mashina mpaka ukafunika pale nilipofunga. Nilipogundua baada ya miezi, kikonyo kilikuwa kimeota mizizi yake mwenyewe juu ya kiungo. Yaani mtoto ameshuka mgongoni, anatembea kwa miguu yake kwenye ardhi ile ile ya miiba. Miti miwili ilinyauka kwa njia hiyo. Sasa kiungo kinakaa kiganja kizima juu ya udongo na matandazo hayagusi shina.

La tatu, slasha nimeifungia stoo. Mzizi wa KR unalinda kwa chini tu. Ukiuchanja mti juu ya kiungo, hapo juu ni damu ya baba, na damu ya baba tumeshajua haina kinga. Karibu na mashina tunang'oa kwa mkono. Vibarua hawapendi, wanataka nyongeza, ninawapa.

Kitu kimoja sijakitatua nacho ni mzizi mkuu. Mche wa mbegu una mzizi mmoja unaozama moja kwa moja chini. Mche wa kipandikizi hauna, una mizizi ya kusambaa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikikaza, KR zangu zilizo mbali na migomba zinaonyesha kiu mapema. Nimezikaribisha kwenye kivuli cha ndizi na kutandaza majani makavu kwa wingi. Inasaidia. Haitoshi.

Bei ilipopanda mwaka 2024, Robusta ikavuka dola 5,000 kwa tani kule kwenye soko la London, kila mtu hapa alikumbuka kuwa ana ardhi. Miche ilikuwa inauzwa juu ya bodaboda. Kijana mmoja jirani alininunulia chai aniulize nimuuzie miche iliyobebeshwa, nikamuuliza ataipanda wapi. Akataja shamba la babake. Nikamuuliza mashimo yapo? Akasema yapo tayari, mzee, sitapoteza muda. Tukachelewa sana pale kibandani.

Katika zile 33 zimebaki 26. Shimo la tatu lina mmojawapo, kwa sababu niliutaka ushahidi na mahali pabaya kuliko pale sikupajua. Nililichimba upya, udongo wa zamani nikautoa wote, nikaleta wa juu kutoka chini ya migomba. Kufikia mwaka 2025 mti ulikuwa na urefu wa kunifika kifuani, nimeukata kichwa usizidi hapo, na msimu mkuu uliotangulia ulinipa kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, debe moja pungufu kidogo. Shemeji kila akisikia neno kiboko huuliza kama tunavuna wanyama. Kwao wanaita maganda.

Aliniomba vikonyo, nimletee Bukoba tukionana. Nikamkatalia. Huwezi kuvusha mti wa shamba lililougua kupitia mpaka kwa sababu tu ni zawadi. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Nilikuwa nakupima, shemeji." Sina hakika kama kweli alikuwa ananipima.

Mama ana miaka 84 sasa. Mwezi wa saba aliingia shambani na kikapu chake bila kuniambia, akachuma yale mabichi yaliyokomaa kwenye mti wa shimo la tatu, akayachemsha na majani yake ya kunukia anayoyajua mwenyewe, akayaanika juani siku kadhaa. Jioni moja akaniwekea punje tatu kiganjani. Nikatafuna. Nikamwambia hizi ni zile za mzee.

Akasema punje ni zile, ila mti umeupanda karibu mno na njia, mbuzi wa kisimani wataumaliza. Kesho yake nikaenda kukata fito za uzio.